Maudhi si madhara: Vidonge vya uzazi vizungumziwe kwa Kiswahili

Ni nadra mazungumzo kuhusu vidonge vya kupanga uzazi kumalizika bila ya neno 'madhara' kutajwa. Hapa Kapsoya, mtaa wa Eldoret ninakoishi, nimelisikia likitamkwa na akina mama sokoni, na wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba mtaani, hata na wahudumu wa maduka ya dawa. Kichefuchefu ni madhara. Maumivu ya matiti ni madhara. Damu kuganda mshipani, jambo liwezalo kumuua mtu, nako ni madhara. Neno ni lile lile. Mazito na mepesi yametiwa kapu moja.

Mimi si daktari. Ninafundisha isimu, na kwa kawaida mambo ya hospitali huwaachia wenyewe. Hata hivyo, suala hili lina upande wa lugha ambao haujazingatiwa ipasavyo, na matokeo yake yanawafika wasichana tunaowafundisha. Kuna mwanamke anayeviacha vidonge baada ya wiki mbili kwa sababu ya kichefuchefu ambacho kingeisha chenyewe, akapata mimba asiyoitarajia. Kuna mwingine ambaye mguu wake mmoja umevimba na unauma, naye anavumilia kwa kuwa aliambiwa kwamba madhara ni ya kawaida, yatapita. Wa kwanza ameogopa pasipo sababu. Wa pili hakuogopa penye sababu. Wote wawili wameponzwa na neno moja.

Hebu kwanza tuvitazame vidonge vyenyewe, maana watu wengi husema 'vidonge' kana kwamba ni kitu kimoja. La hasha. Kuna angalau aina tatu, na kuzichanganya ndiko chanzo cha matatizo mengi.

Aina ya kwanza ni vidonge mseto. Jina hili linafaa sana. Mkenya anayelijua pishi la mchele na pojo, tena aliyeishi chini ya serikali ya mseto iliyoundwa mwaka 2008, hahitaji kuelezwa maana ya mseto. Homoni mbili, estrojeni na projestojeni, hutiwa katika kidonge kimoja kinachomezwa kila siku. Kazi yake kubwa ni kulizuia yai lisitoke katika ovari. Aina ya pili ina projestojeni peke yake, nayo huwafaa wengi wasiopaswa kutumia estrojeni, hasa mama anayenyonyesha mtoto mchanga. Aina ya tatu ni ya dharura, ile ambayo vijana huiita P2. Jina hilo limetokana na Postinor-2, na hiyo mbili ni idadi ya tembe zilizokuwa ndani ya pakiti. Dawa hii humezwa baada ya tendo, kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Haikutengenezwa ili itumiwe kila mwisho wa juma. Mwanafunzi anayefanya hivyo hudhani amepanga uzazi, kumbe amekuwa akizima moto kila wiki badala ya kujenga nyumba isiyoshika moto.

Tukirudi kwenye vidonge mseto, hivi navyo havifanani vyote. Karibu vyote vinavyojulikana sana hutumia estrojeni moja, ethinilestradioli. Tofauti kubwa imo katika projestojeni. Microgynon na Femiplan, ambavyo wanawake wengi wa Kenya wanavijua, vina levonogestreli maikrogramu 150 pamoja na ethinilestradioli maikrogramu 30. Marvelon ina desogestreli. Yasmin ina drospirenoni. Mwenye kuvilinganisha hana budi kuuliza maswali mawili: estrojeni iliyomo ni kiasi gani, na projestojeni iliyomo ni ya aina gani?

Kiasi kimepungua mno tangu mwanzo. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa nchini Marekani, Enovid cha mwaka 1960, kilikuwa na estrojeni iitwayo mestranoli maikrogramu 150. Vidonge vingi vya leo vina maikrogramu 30 au 20 za ethinilestradioli. Hadithi nyingi za kutisha walizosimulia bibi zetu zilitokana na zama za dozi kubwa, na si haki kukihukumu kidonge cha leo kwa makosa ya babu yake.

Aina ya projestojeni ina uzito wake pia. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia ushahidi wote kuhusu kuganda kwa damu mshipani. Katika kila wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala kuwa na mimba, wapatao 2 huganda damu kwa mwaka. Kati ya wanaotumia vidonge mseto vyenye levonogestreli, idadi ni 5 hadi 7. Kati ya wanaotumia vyenye desogestreli au drospirenoni, ni 9 hadi 12. Ujauzito wenyewe na majuma yanayofuata kujifungua huwa na hatari kubwa kuliko hizo zote. Kwa hiyo msichana anayeambiwa kwamba kidonge kipya cha bei ghali ndicho bora ana haki ya kuuliza: bora kwa lipi? Huenda kikampunguzia chunusi, lakini kwa upande wa damu kuganda kile cha zamani ndicho salama zaidi. Ya kale ni dhahabu.

Takwimu hizi zinatufundisha jambo jingine kuhusu lugha. Mtu anaweza kusema kwamba vidonge fulani huongeza hatari 'karibu mara mbili', na akawa amesema kweli. Mwingine anaweza kusema kwamba huongeza wagonjwa wapatao 5 katika kila wanawake 10,000, naye pia akawa amesema kweli. Kauli ya kwanza humfukuza mtu dukani. Ya pili humkalisha kitako akafikiri. Uingereza iliyaona haya mwezi Oktoba mwaka 1995. Kamati ya usalama wa dawa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba vidonge vya kizazi cha tatu, vikiwemo vyenye desogestreli, viliongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Wanawake wengi waliacha kuvimeza kwa hofu, na mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa nchini humo ikapanda. Tangazo halikuwa la uongo. Lilikosa kipimo. Ikiwa hayo yaliwapata Waingereza waliosoma habari hiyo kwa lugha yao ya mama, itakuwaje kwetu tunaozipokea habari hizi kwa lugha ya tatu?

Sasa tulirudie neno letu. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao huuita upangaji uzazi 'uzazi wa mpango', wametuzidi hatua moja. Katika elimu ya afya nchini humo hutumiwa maneno 'maudhi madogo madogo' kwa yale mambo yanayomkera mtumiaji wa vidonge pasipo kumwumiza. Maudhi ni kero. Madhara, kama asili yake ya Kiarabu inavyoonyesha, ni dhara, yaani jambo linalodhuru. Mtu akikuudhi hujambo bado. Akikudhuru hukosi kidonda. Tofauti hii imo katika lugha yetu tangu jadi, bali huku Kenya tumeiacha chini tukashika neno moja la kutisha.

Maudhi ya vidonge mseto yanajulikana: kichefuchefu, kuumwa na kichwa kidogo, matiti kujaa na kuuma, matone ya damu katikati ya mwezi, na hisia kubadilika. Mengi ya haya hupungua au kuisha katika miezi mitatu ya mwanzo. Kumeza kidonge usiku, au pamoja na chakula, huwasaidia wengi kupunguza kichefuchefu. Yasipoisha, mhudumu wa afya anaweza kumbadilishia mwanamke aina ya kidonge au njia yenyewe, kwani kukerwa nako hakulazimishwi. Kuhusu unene, utafiti uliofanywa haukuonyesha kwamba vidonge mseto huongeza uzito kwa kiasi kikubwa. Ule uvumi kwamba vidonge hujikusanya tumboni vikawa uvimbe hauna msingi, maana huyeyuka na kusagwa kama dawa nyingine yoyote. Wala havileti utasa. Mwanamke akiviacha, uwezo wake wa kushika mimba hurudi upesi.

Madhara ni mengine, nayo ni machache lakini makubwa: damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, mshtuko wa moyo, na shinikizo la damu kupanda. Kuna pia ongezeko dogo la saratani ya matiti wakati wa matumizi. Kwa upande wa pili wa mizani, vidonge hivi hupunguza uwezekano wa kupata saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na huwapunguzia wengi hedhi nzito inayowamaliza damu. Haki haitendeki mtu akitaja upande mmoja akauficha wa pili.

Wapo wasiostahili kuvitumia kabisa: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu, mvutaji sigara aliyetimiza miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na mwenye saratani ya matiti. Mama anayenyonyesha mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hushauriwa atafute njia nyingine. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, au dawa kama kabamazepini kwa ajili ya kifafa, ajue kwamba dawa hizo huzipunguza nguvu homoni za vidonge. Kabla ya mwanamke kuuziwa pakiti ya kwanza, apimwe shinikizo la damu. Ni kazi ya dakika chache, nayo huwaondoa katika hatari wasiojijua. Tena akumbushwe kwamba vidonge havizuii virusi vya Ukimwi wala maradhi mengine ya zinaa.

Na zile dalili za hatari? Madaktari wanaotumia Kiingereza huzikumbuka kwa kifupisho cha herufi tano, ambacho kwetu hakina maana. Sisi twaweza kuzifundisha kwa njia iliyo rahisi zaidi, kwa kushuka mwilini tangu utosini hadi unyayoni. Kichwa: maumivu makali ya ghafla, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Macho: kuona giza au kuona vitu viwili viwili. Kifua: maumivu makali au kukosa pumzi. Tumbo: maumivu makali yasiyokoma. Mguu: mmoja kuvimba na kuuma. Lolote kati ya haya likitokea, mwanamke asingoje lipite. Aende hospitalini mara moja na aseme kwamba anameza vidonge mseto. Kichwa, macho, kifua, tumbo, mguu. Hata mtoto wa darasa la nne angeyakariri.

Msomaji atauliza, je, haya yote hayamo katika kikaratasi kilichokunjwa ndani ya pakiti? Yamo, naam. Tatizo ni kwamba aghalabu yamo kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchanga, na kwa msamiati unaomtoa jasho hata mwenye shahada. Kuna mabaya zaidi. Kidonge cha mwezi kiitwacho Sophia, ambacho hakikusajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa na sumu, kiliuzwa nchini humu kwa magendo katika pakiti zenye maandishi ya Kichina. Wanawake walimeza homoni nyingi wasizozijua kwa maelezo wasiyoweza kuyasoma. Tuliyashangaa maandishi yale ya Kichina. Lakini kwa mama ambaye shule yake iliishia darasa la tano, hicho Kiingereza cha pakiti halali kina tofauti gani na Kichina?

Ni vyema kukumbuka jinsi kikaratasi hicho kilivyozaliwa. Mwaka 1969 mwandishi Barbara Seaman wa Marekani alichapisha kitabu kilichofichua kwamba wanawake walikuwa wakipewa vidonge bila ya kuambiwa hatari zake. Mwaka 1970 Seneta Gaylord Nelson aliitisha vikao vya kusikiliza ushahidi. Walioitwa kutoa ushahidi walikuwa madaktari na wataalamu. Wanawake waliokuwa wakivimeza vidonge hawakuitwa. Wanaharakati wakiongozwa na Alice Wolfson walisimama ukumbini wakauliza kwa sauti kwa nini hawasikilizwi. Kabla ya mwaka huo kwisha, serikali iliamuru kila pakiti ya vidonge itiwe maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtumiaji mwenyewe. Kikaratasi hicho, basi, ni tunda la madai ya wanawake kwamba waelezwe kwa lugha wanayoielewa. Kukileta Kapsoya kwa lugha asiyoielewa mnunuzi ni kukileta mwili pasi na roho.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wachache. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake walioolewa hutumia njia za kisasa. Wengi hutumia sindano na vipandikizi, na vidonge hufuata. Ni mamilioni ya watu. Kapsoya yenyewe ni mtaa wa makabila mengi: Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na wengineo hukutana katika foleni ya dawa, na lugha inayowaunganisha si Kiingereza. Ni Kiswahili.

Sheria nayo iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Viunganishe vifungu hivi vitatu, nawe utaona kwamba pakiti ya dawa isiyo na neno la Kiswahili ni ukiukaji wa roho ya Katiba, hata kama hakuna aliyeshtakiwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii imechakaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Istilahi zipo, kinachokosekana ni nia ya kuzitumia. Wengine watasema kwamba kuyataja madhara waziwazi kutawatia watu hofu. Naona kinyume chake. Hofu hukua gizani. Anayeambiwa mapema kwamba huenda akapata kichefuchefu kwa miezi miwili hashtuki kinapomjia, na aliyeambiwa habari za mguu kuvimba hakai nyumbani unapovimba.

Wapo pia wazazi, na viongozi wa dini, wanaoona kwamba mwalimu hapaswi kuvitaja vidonge hivi mbele ya vijana. Nauheshimu msimamo wao, na sidai kwamba shule igeuzwe zahanati. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Kimya chetu hakikuwalinda. Isitoshe, anayevipinga vidonge kwa misingi ya imani yake hahitaji neno la uongo ili kuutetea msimamo huo, kweli inamtosha. Na anayeviridhia naye hahitaji kuficha madhara. Lugha sahihi haimpendelei yeyote kati yao.

Tufanye nini basi? Serikali iwalazimishe watengenezaji na waagizaji wa dawa watie maelezo ya Kiswahili katika kila pakiti ya vidonge vya uzazi, yaliyopangwa chini ya vichwa vitatu: maudhi, madhara, na dalili za hatari. Vyuo vyetu vinavyofundisha tafsiri na vile vinavyofundisha udaktari vikae meza moja. Hapa Eldoret viko karibu kiasi cha kwenda na kurudi kwa bodaboda siku hiyo hiyo. Wahudumu wa maduka ya dawa waache kusema 'hiki ni sawa na kile', wamwambie mnunuzi jina la projestojeni iliyomo na sababu ya kumchagulia hiyo.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, nanyi mna sehemu yenu. Kila mwaka tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngonjera na hotuba. Mwaka ujao wapeni wanafunzi wa vyuo kikaratasi kimoja cha dawa wakitafsiri, kisha wamwombe mwuguzi akikague. Watajifunza isimu, watajifunza tiba, na pengine dada mmoja ataokoka. Nanyi wanafunzi, mkisikia neno 'madhara' likitamkwa, ulizeni: ni kero, au ni dhara? Swali hilo halina gharama yoyote. Mwenye kuuliza hakosi njia. Na mwenye kuulizwa, awe daktari au mwenye duka, analo deni la kujibu kwa lugha ambayo mwulizaji anaielewa.